Refa, Dadu na Mlinzi Mwenye Njaa

Mwaka 1969, katika miji pacha ya Minneapolis na St. Paul, jimbo la Minnesota, Marekani, kijana mmoja aitwaye David Wesely aliwaandalia wenzake mchezo wa vita, ukamponyoka mikononi. Wenzake hao walikuwa watu wa kupanga wanajeshi wadogo mezani na kupigana upya vita vya enzi za Napoleon. Safari hii Wesely akaona atie chumvi kidogo. Kati ya majeshi mawili aliweka mji wa kubuni wa Kijerumani, akauita Braunstein, na kwa kuwa watu walikuja wengi kuliko alivyotegemea, waliobaki bila jeshi akawagawia vyeo vya raia. Huyu meya, yule mwenye benki, yule mkuu wa chuo kikuu. Mji ukishachangamka kidogo, majeshi yangefika na vita vingeanza kama kawaida.

Mambo hayakwenda hivyo. Wachezaji walianza kuchomoka kwenda kunong'onezana pembeni. Njama zikapangwa, watu wakadanganyana, na wawili wakafika hadi kutakiana kupigana ana kwa ana, jambo ambalo Wesely hakuwa ameliandikia kanuni hata moja; ilibidi atunge papo hapo. Usiku ulipoisha alijiona ameharibu mchezo. Wenzake wakawa wanamuuliza mwingine ni lini.

Mimi mzaliwa wa Mombasa, riziki imenileta kuishi kwenye miji hiyohiyo, na Jumamosi usiku nikiwa sina zamu huketi mezani kucheza kitu kilichotokana na vurugu ile: mchezo wa kuigiza wahusika uitwao Dungeons & Dragons. Wa nyumbani wakinipigia saa hizo hushangaa. Mtu mzima, baba wa watoto, umekaa na watu wazima wenzio mnajifanya wezi na wachawi? Tena kwa karatasi na penseli, zama hizi ambazo simu imejaa gemu za kila aina? Ni swali la haki, na sijaridhika na majibu ninayoyasoma mahali pengine, ndiyo maana nimekaa kuandika.

Kwa asiyewahi kuuona, mchezo wenyewe ni huu. Watu wanne watano wanazunguka meza. Kila mmoja ana mhusika wake kwenye karatasi: jina, nguvu, akili, silaha, pesa zilizomo mfukoni. Mmoja wao hana mhusika. Yeye ndiye kila kitu kilichobaki, yaani mvua, mlango, joka, mwenye nyumba ya wageni na mbwa wake. Vitabuni ana vyeo vya kishindo, lakini mimi humwita refa, kama walivyomwita wale wa mwanzo. Refa anaeleza mlipo na mnachokiona, kisha anauliza: mnafanya nini? Mnasema. Jambo likiwa na shaka, dadu inarushwa. Basi. Mengine yote, na kuna vitabu vya mamia ya kurasa, yamejengwa juu ya swali hilo.

Nikiwaeleza Waswahili wenzangu hivyo, wengi hunikatiza: aa, kumbe ni hadithi za bibi! Naelewa linakotoka, ila silikubali. Bibi alipotusimulia, Sungura alishajua atakavyomtoroka Fisi kabla sisi hatujazaliwa. Utamu ulikuwa kumsikia bibi akifika pale tunapopajua, na ole wake aruke kipande. Mezani kwetu hakuna anayepajua tunakoelekea, hata refa mwenyewe, na akijaribu kutupeleka kwa nguvu mahali alipopapanga nyumbani kwake, mchezo unadoda.

Chukua kisa cha langoni. Refa wetu ni mzee wa Kimarekani, dereva mstaafu wa basi la shule, anayecheza tangu miaka ya themanini. Kwenye kopo lake la dadu bado kuna zile za zamani za plastiki laini ambazo pembe zimelika na namba zimekolezwa kwa kalamu ya nta. Alikuwa ametuandalia mji wenye ukuta, lango moja, na mlinzi anayedai ushuru tusiokuwa nao. Kwenye daftari lake, nilikuja kujua baadaye, kulikuwa na njia tatu: kumpiga mlinzi, kupanda ukuta usiku, au kughushi kibali. Sisi tulishaanza kubishania urefu wa kamba. Dada mmoja Mkisii, muuguzi, ambaye bado alikuwa mgeni wa mambo haya, akanyoosha mkono.

"Samahani mzee. Huyu mlinzi amekula?"

Mzee akanyamaza. Akatazama daftari, hakuona kitu. Akachukua dadu, akairusha nyuma ya kadibodi anayojikingia tusione karatasi zake, akachungulia. "Hajala tangu asubuhi," akasema. "Mwenzake wa zamu hajatokea."

"Zamu yake ilikuwa iishe saa ngapi?"

"Ilishaisha kitambo."

Muuguzi yeyote aliyewahi kumngoja mwenzake asiyetokea anajua pa kuanzia. Dada akatoa mkate na jibini kwenye mkoba wa mhusika wake. Viliandikwa kweli kwenye karatasi yake, mstari wa chini kabisa, mahali ambapo sisi wengine tulikuwa tumejaza misumari na mafuta ya taa. Akaketi na mlinzi kizingitini, wakaanza kuwasema mabosi. Refa akamwambia arushe dadu ya pande 20. Ilitakiwa ipatikane 15. Mhusika wake ana nyongeza ya 3 kwenye mambo ya maneno, kwa hiyo 12 kwenda juu ingetosha. Hizo ni pande 9 kati ya 20, chini kidogo ya nusu. Dadu ikabiringika, ikagonga kikombe cha chai, ikasimama kwenye 13.

Lango likafunguliwa. Mlinzi sasa ikabidi awe na jina, na mzee, kwa kubanwa, akasema la kwanza lililomjia: Gus. Gus hakuwa kwenye mpango wowote. Baada ya usiku ule alituficha mara kadhaa, akatukopa pesa asilipe, akaoa, na alipokuja kuuawa kwa uzembe wa mmoja wetu, meza ilimnunia aliyesababisha mpaka ikabidi tufunge mapema. Joka tulilolitafuta miezi mingi tulikuja kuliua vilevile. Sikumbuki hata lilikuwa la rangi gani.

Kwa maoni yangu siri iko kwenye lile swali la dada na ile dadu ya mzee, vyote viwili kwa pamoja. Mezani kuna binadamu mwenye mamlaka ya kukubali jambo ambalo hakuna aliyelifikiria, na kuna dadu inayomzuia asilikubali ovyo. Ondoa dadu, refa anakuwa sultani, nanyi mnabaki kumbembeleza. Ondoa refa, inabaki bahati nasibu. Vikiwa pamoja, mtu anaruhusiwa kujaribu lolote lakini hana hakika ya chochote, na sijui mchezo mwingine unaompa mtu mzima hali hiyo bila kumtia hasarani.

Gemu za kompyuta, ambazo pia nazipenda, haziwezi hili. Ningekutana na mlinzi yule kwenye skrini ningepewa yale matatu nichague, kwa sababu aliyeunda gemu aliyawaza hayo matatu, na njaa ya mlinzi haikumpitia akilini. Binamu yangu wa Mombasa alijaribu kuiweka programu ya akili bandia iwe refa wake. Ilimkubalia kila kitu. Alitaka kuruka, akaruka. Alitaka ufalme, akapewa. Siku ya pili akaifunga, akasema afadhali kucheza na mtoto wake, ambaye angalau hukataa.

Refa ana ukoo mrefu kuliko mchezo wenyewe. Mwaka 1824 ofisa wa jeshi la Prussia aitwaye Reisswitz, akiendeleza kazi aliyoianzisha baba yake, alitoa mchezo wa kuwafundishia maofisa vita juu ya ramani: vipande vya kuwakilisha vikosi, dadu, majedwali ya hasara, na msuluhishi katikati ambaye ndiye pekee anayeona ya pande zote mbili. Majedwali yakaongezeka hadi mchezo ukawa kazi ya karani. Mwaka 1876 ofisa mwingine, Julius von Verdy du Vernois, akapendekeza mrundo wa kanuni uwekwe kando: mwenye uzoefu wa vita aachwe aamue kwa akili yake. Mwaka 1880 Charles Totten, luteni wa jeshi la Marekani, akatoa kitabu chake kuhusu michezo ya namna hiyo, Strategos. Kitabu hicho kikakaa kwenye rafu za maktaba ya Chuo Kikuu cha Minnesota mpaka Wesely alipokikuta, na ndani yake mlikuwa na wazo kwamba mchezaji aruhusiwe kujaribu lolote, msuluhishi aamue litakavyokwisha. Hebu fikiria: somo la kijeshi la karne ya 19, ndilo lililomfungulia dada Mkisii mlango wa kuuliza habari za chakula.

Mmoja wa waliocheza kwa Wesely alikuwa Dave Arneson. Katika mchezo mwingine wa aina ya Braunstein, uliowekwa kwenye nchi ya kubuni ya Amerika ya Kusini, Arneson alipewa nafasi ya mwanafunzi mwanamapinduzi. Inasimuliwa kwamba alikuja na kitambulisho bandia cha CIA alichokiandaa kabla, akawaaminisha wenzake kuwa yeye ni jasusi, na akatoroka na hazina ya nchi. Hakukuwa na kanuni iliyosema kitambulisho cha namna hiyo kina thamani gani. Wesely alikikubali.

Mwaka 1971 Arneson akafungua meza yake mwenyewe, nchi ya Blackmoor, akawashusha wachezaji kwenye mahandaki chini ya ngome. Wahusika walikuwa wakifa kwa pigo moja, watu wakalalamika, naye akaazima hesabu kutoka kwenye kanuni zake za mchezo wa manowari: meli haizami kwa kombora la kwanza, basi na mtu awe na pointi za uhai zinazopungua pigo hadi pigo. Ukiona leo kwenye gemu ya simu kile kimstari cha uhai juu ya kichwa cha mpiganaji, hesabu ni ileile.

Mwishoni mwa 1972 alikwenda Lake Geneva, Wisconsin, kumwonyesha Gary Gygax, mtu aliyepoteza kazi kwenye bima na sasa akitengeneza viatu ili watoto wale, huku akiandika kanuni za michezo ya vita. Gygax akayachukua maandishi ya Arneson na kuyapanga upya. Dungeons & Dragons ikatoka Januari 1974: nakala 1,000, vijitabu vitatu ndani ya sanduku la kadibodi, zilizopangwa kwa mkono nyumbani, bei dola 10. Zilichukua karibu mwaka mzima kuisha.

Nimevisoma vijitabu vile kwenye nakala zilizochapishwa upya, na kusema kweli ni balaa. Vinadhani tayari unazo kanuni za Chainmail, mchezo wa awali wa Gygax na Jeff Perren. Kwa safari za porini vinakuelekeza ukatumie ubao wa mchezo mwingine kabisa, Outdoor Survival, wa kampuni nyingine. Huko Phoenix, Arizona, Ken St. Andre alivisoma, akachoshwa navyo, akaandika mchezo wake, Tunnels & Trolls, uliotoka mwaka 1975 ukitumia dadu za kawaida za pande sita. Kila mji ulicheza kivyake. Wengi huuona huo kuwa udhaifu wa mwanzo uliorekebishwa baadaye. Mimi nauona kuwa ndio mtaji: pale vitabu viliponyamaza, ilibidi mtu aliye mezani aseme, na akishazoea kusema hanyamazi tena. Kijitabu cha tatu chenyewe kinamalizia kwa kumsihi msomaji aamue mambo apendavyo, asingoje waandishi wamfikirie.

Kilichonithibitishia nguvu ya jambo hili ni habari za gerezani. Mwaka 2004, katika gereza la Waupun, jimbo lilelile la Wisconsin mchezo ulikochapishwa, uongozi uliupiga marufuku ukamnyang'anya mfungwa mmoja vitabu vyake pamoja na muswada wake wa kurasa 96, ulimwengu mzima aliouandika kwa mkono. Akashtaki. Mwaka 2010 mahakama ya rufaa ikaupa ushindi uongozi. Hoja mojawapo ya gereza ilikuwa kwamba mchezo unafanana na genge: kuna mtu mmoja anayewaongoza wengine na kuwaambia la kufanya. Nilicheka niliposoma, ingawa kisa chenyewe si cha kuchekesha. Aliyetoa hoja hiyo hajawahi kuketi kiti cha refa. Mzee wetu hajawahi kufanikiwa kutuambia la kufanya hata usiku mmoja. Na mahali ambapo dadu zimekatazwa kwa kuhofia kamari, wafungwa hujitengenezea vishale vya kuzungusha juu ya karatasi iliyogawanywa kwa namba. Mtu hafanyi kazi hiyo yote kwa ajili ya mazimwi.

Hofu nyingine ilikuwa ya dini. Mwaka 1979 kijana mmoja wa chuo kikuu huko Michigan alipotoweka, magazeti yalisema huenda amepotelea kwenye mahandaki akicheza. Alipatikana Louisiana, na masaibu yake yalikuwa mengine kabisa, lakini uvumi ulishapaa, na miaka ya 1980 yote mchezo ukahubiriwa kuwa mlango wa shetani. Toleo la pili la kanuni za mchezo, la mwaka 1989, likafuta majina ya mashetani kabisa. Baadaye yakarejeshwa kwa majina ya kubuni ambayo hakuna anayeweza kuyatamka. Shangazi yangu wa Kisauni hakuhitaji magazeti ya Marekani. Aliposikia mhusika wangu anaita pepo, aliniambia pepo haitwi kwa mzaha. Mpaka leo mhusika wangu ni mpiga upinde.

Wenye mali nao wamekuja na kupita. Arneson aliishtaki TSR, kampuni iliyouchapisha mchezo, mwaka 1979. Gygax akasukumwa nje katikati ya miaka ya 1980. Kampuni yenyewe ikaelemewa na madeni na kununuliwa na kampuni nyingine ya michezo, Wizards of the Coast, mwaka 1997, nayo ikamezwa na Hasbro, kampuni kubwa ya vitu vya kuchezea, mwaka 1999. Januari 2023 ilipojulikana kwamba wanataka kukaza leseni iliyowaruhusu wengine kutunga juu ya kanuni zao tangu mwaka 2000, wachezaji walichachamaa mpaka kampuni ikarudi nyuma na kuziachia kanuni za msingi chini ya leseni huria. Walichachamaa kwa ajili ya wale wanaotunga na kuuza. Kwa meza kama yetu haikuwa na tofauti kubwa: mwenye kitabu kimoja, dadu na marafiki hana bili ya kulipa mwisho wa mwezi.

Nisije nikaonekana nauza kitu. Mapigano mezani yanaweza kuchukua saa mbili kwa jambo ambalo kwenye hadithi lingekuwa sentensi moja. Refa mbaya ni mateso, na wako wengi, hasa wale walioandika riwaya vichwani mwao wakatuita sisi tuisikilize. Na adui aliyeua kampeni nyingi, yaani michezo inayoendelea wiki hadi wiki, kuliko mazimwi yote ni ratiba: zamu imebadilika, mtoto ana homa, theluji imefunga barabara. Binamu yangu hujiunga kwa simu. Saa mbili za usiku wa Jumamosi hapa, wakati wa baridi, kwake ni saa kumi na moja alfajiri ya Jumapili. Adhana ikianza huzima maikrofoni bila kuaga, na mhusika wake husimama palepale alipo, hata kama ni mdomoni mwa zimwi, mpaka arudi.

Siku hizi kuna meza ya pili, Jumapili mchana. Dada Mkisii ndiye refa, na alisema atachezesha kwa Kiswahili au hachezeshi. Mimi nipo, binamu yupo kwenye simu iliyosimamishwa kwenye mtungi wa sukari, na yupo kaka mmoja wa Bukavu anayefanya kazi ghalani, ambaye hajawahi kugusa kitabu cha kanuni na hana mpango wa kukigusa. Hakuna ngome, kuna ziwa, bandari, na mwenye mashua mmoja tu anayeweza kutuvusha kabla vibwengo hawajafika. Mwenye mashua amekataa. Mimi nilishaanza kuhesabu pesa tulizo nazo, binamu anauliza kama mashua inaweza kuibwa.

"Mimi niko nataka kuoa dada yake," akasema kaka wa Bukavu.

Refa akafungua kitabu, akafunua kurasa mbili tatu, akakifunga. Hakuna kanuni ya posa. Akamtazama. "Haya. Mshenga wako ni nani?"

Sote tukageukia mtungi wa sukari. "Mimi sitaki, wallahi sitaki," ikasema simu. "Mahari yenyewe tutaitoa wapi?"

"Hilo mtamweleza baba yake," akasema refa, akisukuma dadu katikati ya meza. "Mshenga, shika pande ishirini zako huko huko uliko. Ukipata chini ya kumi, mzee anafungua mbwa."